Marehemu wa Karani

Katika uchaguzi uliopita wa manispaa, marehemu walijitokeza kwa wingi kuliko walio hai. Huo ulikuwa utani wa mjini, lakini lisemwalo lipo. Kata moja ilitoa kura nyingi kuliko watu wake, diwani akashangilia, akavishwa mashada, akaapishwa, na baada ya kesi ndefu mahakama ikamvua udiwani mashada yenyewe yakiwa yamekwisha kukauka. Watu waliozikwa zamani walikutwa wamepiga kura, tena asubuhi na mapema, bila kupanga foleni. Basi watu wakikutana sokoni wakawa wanaulizana, "Babu yako safari hii anampa nani?" Walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha uchungu. Mtu ambaye kura yake imezamishwa na kura ya kaburi hana hamu ya kurudi kituoni.

Ndipo ofisi ya uchaguzi ikaamua kulisafisha daftari la wapiga kura, na kazi hiyo akapewa karani mmoja mrefu, mwembamba, mwenye kutembea ameinamisha kichwa kana kwamba kila anapopita pana mlango mfupi. Kabla ya hapo alijulikana tu kama mtoto wa Fundi Koki, fundi bomba ambaye hakuna jiko mjini hapo alilokuwa hajalala chali chini ya sinki lake. Baada ya hapo watu wakambatiza jina jipya: Kifutio. Alipochomoza mwanzo wa mtaa na mkoba wake begani, watoto walipiga kelele, "Kifutio huyo! Jificheni asije akawafuta!" Yeye aliwapungia mkono tu. Jina likamkaa, hata mkewe alipokasirika akawa anamwita hivyohivyo.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Anabisha hodi, anauliza kama wote waliojiandikisha nyumba ile bado wapo, na kama kuna aliyefariki anamwomba ndugu wa karibu aje ofisini na kadi ya marehemu. Mwanzoni ndugu alikuja, akaweka kadi mezani, akatikisa kichwa kwa huzuni, Kifutio akampa pole, akafuta. Mambo yakaenda vizuri mpaka alipokuja mke wa muuza nyama.

Mama yule alilia kilio cha kukata maini. Bi Mihuri, mama mtu mzima aliyetunza mihuri ya ofisi hiyo miaka nenda miaka rudi na ambaye si rahisi kumliza, alitoa leso yake mwenyewe akampa. Jina la muuza nyama likapigwa mstari mwekundu. Wiki iliyofuata muuza nyama akaingia ofisini kwa miguu yake miwili, aproni ikiwa na damu ya ng'ombe, akauliza, "Ni nani amenizika hapa?" Kumbe alikuwa amegombana na mkewe, na mama yule aliona kumfungia mlango hakutoshi. Kifutio aliomba radhi mpaka koo likamkauka.

Tangu siku hiyo akaweka utaratibu, na mkuu wa ofisi akaupitisha. Hakuna jina linalofutwa mpaka ndugu wa karibu aketi mbele ya wafanyakazi wawili na atamke kwa kinywa chake kwamba fulani amekufa. Kutikisa kichwa hakutoshi, kuonyesha juu kwa kidole hakutoshi. Atamke, kisha atie saini. Na mfanyakazi yeyote asimhudumie ndugu yake wa damu.

"Mtu anaweza kutikisa kichwa cha uongo," Kifutio alimwambia Bi Mihuri. "Lakini kulitamka neno hilo juu ya mtu anayepumua, hapo lazima ulimi ugome."

"Na juu ya mtu asiyepumua?" Bi Mihuri akauliza. "Unadhani ulimi haugomi?"

"Huo ndio ukweli, hauna shida kusemwa."

Bi Mihuri akamtazama juu ya miwani yake, akaendelea kupanga mihuri.

Utaratibu ulikuwa mzuri, hakuna tena aliyezikwa yu hai. Ila sasa watu wakawa hawaji. Kifutio alibisha hodi, akakaribishwa vizuri, akaambiwa ndiyo, mzee alishafariki, ndiyo, kadi ipo, ndiyo, tutaileta, na haikuletwa. Akarudi tena, akaambiwa aliyeiweka kadi amesafiri. Akarudi tena, akakuta mlango umefungwa na ndani watu wananong'ona. Jambo hilo lilimkera sana. "Anayeficha kadi ya marehemu ana mpango nayo," akawa anasema. "Hakuna sababu nyingine." Na kila aliyefika hatimaye akaketi kwenye kile kiti kifupi mbele ya meza, Kifutio alimhimiza: "Tamka, tafadhali. Foleni ni ndefu."

Sasa hapa ndipo penye kichekesho ambacho hakikumchekesha mtu. Katika daftari hilohilo, kwenye kata yake mwenyewe, lilikuwemo jina la Fundi Koki. Baba yake mzazi alikuwa amekufa mwaka juzi, akazikwa mchana kweupe, mji mzima ukahudhuria, na bado alikuwa mpiga kura halali. Kila Kifutio alipoufikia ukurasa ule aliugeuza upesi, kama mtu aliyechungulia kwa bahati mbaya chumba cha wakwe.

Sababu alikuwa nayo, na aliiamini kwa moyo wake wote. Sababu ilikuwa mama. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa akiishi naye, na Kifutio alikuwa amejipa kazi ya kumkinga na kila kitu kilichomhusu marehemu. Mkoba wa vifaa vya fundi aliuhamishia stoo. Mtu akija kuuliza habari za mzee, yeye hubadilisha mazungumzo akazungumzia mvua. Ndani ya nyumba ile msiba uliitwa "ile siku" au "yale mambo", na kwa mtindo huo alidhani amemhifadhi mama yake salama. Kumketisha mama kwenye kile kiti kifupi na kumtamkisha neno lile! Afadhali angelala njaa.

"Umemuuliza?" mkewe alikuwa akimwuliza.

"Bado. Nasubiri siku nzuri."

"Siku nzuri ya kuzungumzia msiba? Hiyo inatengenezwa kiwanda gani?"

Basi siku zikapita, na siku ya kubandika daftari ikafika. Ilikuwa sheria: kabla ya uchaguzi, kurasa zote zibandikwe kwenye ukuta wa ukumbi wa manispaa, kila mkazi apite aangalie, na mwenye pingamizi aseme. Watu walijazana. Walitafuta majina yao kwa vidole, wakayapata, wakafurahi kama waliokutana na jamaa zao kituo cha basi. Wapo waliotafuta majina ya jirani zao waliokufa, wakakuta hayapo, wakaguna kwa kuridhika. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mji ulianza kuliamini daftari lake. Kifutio alisimama pembeni akiwa amejaa furaha.

Kisha akaingia Spika.

Spika alikuwa na gari dogo la mizigo lenye vipaza sauti vinne juu yake. Alitangaza dawa ya mende asubuhi na mgombea mchana, na ukimsikiliza haraka ungeweza kuvichanganya. Safari hii alikuwa wakala wa mgombea mmoja wa udiwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na sauti, na mwenye sauti hutafuta pa kuitumia. Alipita ukurasa baada ya ukurasa, mikono nyuma, mpaka akafika mahali akasimama.

"Jamani!" Hakuhitaji kipaza sauti. "Njooni muone wenyewe! Fundi Koki huyu hapa! Si ndiye tuliyemzika? Kumbe Kifutio anafuta marehemu wetu, wa kwake amemweka akiba!"

Watu wakasogea. Wakasoma. Wakageuka kumtazama Kifutio.

"Mganga hajigangi, sawa," Spika akaendelea, "lakini huyu hajigangi au ana mpango? Kila mlango wa mji huu ameubisha, umemshinda wa kwao? Mimi naweka pingamizi. Na si kwa jina moja, kwa daftari lote! Kama amemficha mmoja, tutajuaje hajaficha mia?"

Kifutio aliyaona macho ya watu yakibadilika, yale yale yaliyokuwa yakimshukuru kabla ya hapo, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Maneno "anayeficha kadi ana mpango nayo" yalikuwa yake mwenyewe, na sasa yalikuwa yakizunguka ukumbini yakimtafuta.

Mkuu wa ofisi alimwita. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulimwumiza Kifutio kuliko kufokewa. "Spika ana haki ya kupinga," akasema. "Akilipeleka pingamizi lake mahakamani, daftari jipya litazuiwa na tutapiga kura kwa lile la zamani. Unajua maana yake."

Kifutio alijua. Makaburi yote yangerudi kwenye foleni.

"Kesho limalize jambo la mzee," mkuu akasema. "Kwa utaratibu wako mwenyewe, mbele ya watu. Vinginevyo sitaweza kukutetea, wala daftari."

Jioni alimkuta mama anashona pindo la sketi ya shule. Akaketi. Akainuka akafunga dirisha. Akaketi tena.

"Mama, kuna jambo la kikazi."

"La kikazi unaniletea mimi? Mimi najua vifungo na pindo."

"Ni kuhusu kadi. Ile ya kupigia kura."

"Yangu ninayo."

"Si yako."

Mama akaweka kiganja kwenye gurudumu la cherehani, likasimama. "Ya baba yako," akasema.

"Ndiyo."

"Iko kwenye pochi yangu ya kutokea. Imo humo tangu ulipoanza hayo mazunguko yako ya kubisha hodi."

Kifutio akamtazama kama hamjui. "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza lini?" Mama alilikunja lile pindo, akaliweka pajani. "Na nilikuja ofisini kwenu. Hukumbuki? Ukadhani nimekuletea habari mbaya za nyumbani."

Akakumbuka. Siku moja aliinua macho akamwona mama yake katikati ya foleni, amevaa gauni lake la kwenda mjini. Aliruka kutoka kitini, akamshika mkono, akamtoa nje huku akiuliza kuna nini nyumbani. Mama alisema hakuna kitu, alikuwa anapita tu.

"Nilikuwa nimekuja kumfuta mume wangu," mama akasema. "Nilijipanga kwenye foleni kama watu wengine na maneno yangu nimeshayaandaa. Kisha ukaniona, na mimi nikauona uso wako ulivyobadilika. Nikasema, huyu mtoto bado. Nikarudi nyumbani na kadi ya baba yako."

"Mimi? Mama, mimi nilikuwa nakuogopea wewe!"

"Naona. Mimi nakuogopea wewe, wewe unaniogopea mimi, na huyo baba wa watu tumemwacha kwenye ukuta wa manispaa anasemwa na Spika." Na mama akacheka, kicheko chake cha kweli ambacho Kifutio alikuwa hajakisikia siku nyingi, kwa sababu ndani ya nyumba ile yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikinyamazisha. Alitaka kucheka naye, akashindwa.

"Kesho twende wote," mama akasema, na gurudumu la cherehani likaanza kuzunguka tena.

Asubuhi foleni ilifika hadi ngazini. Habari zilikuwa zimeenea, na watu wengine walikuja bila shida yoyote, kuona tu. Kifutio hakukaa kwenye kiti chake. Alisimama kwenye foleni na mama yake, nyuma ya mzee wa magongo na mbele ya Spika, aliyekuwa amekunja mikono kifuani na karatasi yake ya pingamizi imechomoza mfukoni. Hakuna aliyempisha Kifutio, naye hakuomba kupishwa.

Zamu yao ilipofika, Bi Mihuri alikuwa amekalia nafasi ya Kifutio, na dereva wa ofisi ameketi kando yake kama shahidi. Kifutio akakaa kwenye kile kiti kifupi, mama akaletewa kingine kando yake. Alishangaa kwamba magoti yalimfika karibu na kidevu, na kwamba kutoka pale meza ilionekana ndefu sana. Miezi yote hiyo hakuwahi kukijaribu.

"Karibuni," Bi Mihuri akasema, kwa sauti ileile aliyowapa watu wote. "Mmeleta shauri gani?"

Mama akaifungua pochi, akatoa kadi, akaiweka mezani.

"Huyu ni nani wenu?"

"Mume wangu," mama akajibu. "Na baba yake huyu."

"Yuko wapi sasa?"

Kifutio akamgeukia mama yake. Mama alikuwa akifunga zipu ya pochi, taratibu, kama mtu asiye na haraka wala la kusema.

"Mama?"

"Mimi ni msindikizaji," mama akasema.

Bi Mihuri akavua miwani. "Mama, akisema mmoja wenu yatosha. Sema wewe."

"Mimi nimeshalisema, mama mwenzangu. Nililisema hospitali, daktari akiwa bado anatafuta maneno. Nimelisema kwa majirani. Nimelisema kwa wateja wake, waliokuja wiki nzima mabomba yao yanavuja, wanauliza fundi yuko. Mlangoni nilisimama mimi. Huyu mwanangu alibeba jeneza, akapokea wageni, akahakikisha kila mtu amekula. Hakuna mtoto aliyemzika baba yake vizuri kama yeye. Lakini neno lenyewe sijalisikia kinywani mwake mpaka leo. Mwacheni aseme."

Kifutio alijua kila hatua ya utaratibu ule, ni yeye aliyeutunga, na kwa mara ya kwanza akauchukia.

"Baba," akaanza. "Baba yangu hatuko naye."

"Hilo silo, kaka," Bi Mihuri akasema kwa sauti ya chini.

"Alitangulia. Mwaka juzi."

"Silo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akawakumbuka wote waliokaa kwenye kiti kile wakihangaika hivihivi, wanakohoa, wanatazama dari, na yeye ng'ambo ya meza anawaambia foleni ni ndefu. Alitamani kuwafuata mmoja mmoja awaombe radhi. Alikuwa amewadhania ulimi wao mzito kwa sababu ya hila. Mama hakumtazama, ila bega lake lilikuwa limegusa bega la mwanawe.

"Baba yangu amekufa," Kifutio akasema.

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, ikasikika hadi ngazini, na nyuma yake yakafuata machozi aliyoyakalia tangu mwaka juzi. Alilia bila kujificha, karani mzima wa manispaa, magoti yamefika kidevuni. Mama akawa anampapasa mgongoni, "Haya, baba. Haya, mwanangu." Kutoka kwenye foleni zikaanza kuja pole, moja hapa, moja pale, za watu ambao jana walikuwa wamemkazia macho. Dereva wa ofisi alijifanya ana mafua.

Bi Mihuri akaweka rula, akapiga mstari mwekundu. Kifutio akatia saini. Kisha Bi Mihuri akaichukua kadi, kama walivyokuwa wakifanya siku zote, na kuipeleka kwenye katoni lililokuwa chini ya meza, la kadi zinazosubiri kuchomwa moto.

Kifutio akajikuta ameushika mkono wake.

Hakuwa ameitazama kadi ile vizuri mpaka wakati huo. Katika picha zote za nyumbani Fundi Koki alikuwa amekaza uso kama anayesubiri hukumu, kwa kuwa aliamini picha ni jambo la heshima. Lakini hapa mpiga picha wa tume ya uchaguzi lazima alimtania, kwa maana mzee alikuwa amebana midomo kuzuia kicheko na macho yalikuwa yameshamsaliti. Ndivyo alivyokuwa mezani jioni, kabla ya kutoa kichekesho chake. Uso huo haukuwepo penginepo popote duniani ila kwenye kadi ile.

"Subiri," Kifutio akasema. "Kumbe ni hivi."

"Ni hivi nini?"

"Kadi. Watu wanazificha kwa sababu ya hivi."

Akainuka, akaifuata karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani, akasoma kwa sauti kifungu alichokijua kwa moyo: kadi ya marehemu iharibiwe ili isiweze kutumika tena. "Iharibiwe, basi," akasema. "Hakuna palipoandikwa tuichukue, wala tuichome. Hilo niliamua mimi, niliona ndiyo rahisi." Akaingia kwa mkuu na kadi mkononi. Mkuu akasoma kanuni, akaigeuza kadi, akajikuna kidevu kwa muda. "Itobolewe kwenye namba," akasema mwishowe. "Bila namba haisomeki, haiwezi kupiga kura. Andika kila iliyotobolewa, mashahidi watie saini, mrudishieni aliyeileta."

Bi Mihuri akatoa mashine yake ya kutobolea karatasi, akaibonyeza kwa nguvu, mara mbili, juu ya namba ya Fundi Koki. Mama akaipokea kadi, akapuliza vumbi la matundu, akairudisha kwenye pochi. Katika foleni watu walikuwa wananong'onezana. "Wanairudisha? Umeona kwa macho yako?" Mama mmoja alichomoka akaondoka mbio, kiatu kimoja kikimvuka ngazini. Mwingine akamfuata, na mwingine, na kwa kitambo ukumbi ukawa mtupu kiasi cha kumtisha mkuu wa ofisi. Baadaye walianza kurudi, wote wakiwa wameshika kadi.

Kifutio akanawa uso, akarudi kwenye kiti chake. Aliyefuata alikuwa Spika.

"Una pingamizi," Kifutio akasema. "Toa, tulipokee."

"Nilikuwa nalo." Spika akaikunja ile karatasi yake mara nyingi, ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Kisha akaketi kwenye kiti kifupi, akavuta pochi yake ya fedha kutoka mfuko wa nyuma, na kutoka ndani kabisa, nyuma ya leseni na vikaratasi, akatoa kadi iliyochakaa pembe. "Ulipokuja kwangu nilikwambia humu hatujafiwa," akasema. "Nilikudanganya. Si kwamba nilitaka kuipigia kura, naapa."

"Najua."

"Ni mke wangu."

Akafungua kinywa aseme lililobaki, na mtu yule ambaye mji mzima uliamka kwa sauti yake, akakosa sauti. Alijaribu tena. Nyuma yake foleni ilikuwa imezunguka ukumbi mzima na kutoka nje. Kifutio aliweka kalamu chini.

"Usiharakishe, ndugu yangu," akasema. "Hapa hakuna anayekukimbiza."

Wakakaa hivyo, na hakuna aliyekohoa wala kulalamika. Hatimaye Spika alipolitamka, alilitamka kwa sauti ya chini mno, Bi Mihuri ikabidi ainame mbele ili amsikie. Mstari ukapigwa, saini ikawekwa. Kifutio akaivuta mashine ya kutobolea.

"Mtatoboa wapi?" Spika akauliza.

Kifutio akaigeuza kadi ili waione wote wawili. Mwanamke mwenye kilemba alikuwa akimtazama mpiga picha kwa dharau ya kirafiki, kama anayemwambia afanye upesi ana kazi zake. "Hapa," akasema, akionyesha kwa ncha ya ukucha. "Kwenye namba. Mbali na uso."

"Ngoja nimshike mwenyewe," Spika akasema. Akaishika kadi kwa vidole viwili, kidole gumba kimemfunika mkewe uso mzima, na Kifutio akabonyeza.